Mama Kiwiko na Pete Iliyoingia Tanurini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, mkuu wetu wa ununuzi wa vibanzi anastaafu baada ya kukitumikia kituo hiki cha umeme kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa wageni waliofuata keki tu wakakabidhiwa na karatasi hii: vibanzi ni mbao zilizokatwakatwa vipande vidogo, na ndivyo chakula cha tanuri letu. Vikikosekana, hakuna mvuke wala umeme. Vikija vimelowa, ni moshi mtupu.

Jina la Mama Kiwiko alilipata kihalali. Madereva wetu ni wajanja, huweka vikavu juu, vibichi chini. Basi lori likiingia getini, yeye hupanda ngazi, hukunja shati, huzamisha mkono wa kushoto hadi kwenye kiwiko, kisha huchota konzi ya katikati na kuiminya. Maabara hupima unyevu kwa mashine, lakini yeye lazima ashike kwanza.

Siku moja mkono ulizama na pete ya ndoa, ukatoka mtupu. Tulipekua lori zima, hata mhasibu akavua viatu, wapi! Pete ilikwenda na mkanda unaopeleka vibanzi hadi motoni. Mumewe, fundi cherehani, hakufoka. Alisema tu kwamba hanunui nyingine ya kulisha tanuri, atainunua siku mkewe atakapoacha kazi. Tangu hapo tukawa tunamtania shemeji yetu kwamba tanuri ndilo mume mkubwa.

Hakuwa malaika. Msimu mmoja wa mvua alirudisha lori la mzee mwenye kiwanda cha kupasua mbao, akishikilia kwamba mzigo umelowa. Wakati wa chai ndipo alipogundua kuwa kilicholowa ni shati lake mwenyewe, maji ya mvua yakimchuruzikia kiganjani. Alidandia pikipiki ya tarishi, akalikimbilia lile lori, akalirudisha getini, akamwomba mzee radhi mbele ya madereva wote. Kwa wiki nzima hakuna aliyethubutu kumtania, na kwetu hilo si jambo dogo.

Miaka minne iliyopita aliomba kustaafu mapema, na fundi cherehani akaenda mbio kwa sonara. Wiki ileile mafuriko yakasomba daraja la kwenda msituni, vinakotoka vibanzi vyetu vingi. Akiba uani ikawa inaishia, na wakubwa wakatuambia wazi kwamba tanuri likizima, kituo kinafungwa na sote tunarudi nyumbani. Mama Kiwiko akaahirisha kustaafu, akazunguka viwanda vya mbao akiomba mabaki. Wa kwanza kukubali alikuwa mzee yuleyule. Alisema yeye hawezi kumnyima kitu mtu aliyemwomba radhi hadharani. Wengine wakafuata, na moto haukuzima.

Kutafuta wauzaji wapya kulichukua miaka hii yote, na muda wote huo pete ilibaki kwa sonara. Ajira zetu ziliokolewa na watu wawili, mmoja akihangaika, mwingine akisubiri.

Asante, Mama Kiwiko. Asante nawe shemeji, uliyetuazima mkeo kwa muda mrefu kuliko tulivyostahili. Tunawatakia siku nyingi za afya, vicheko na usingizi usiokatizwa na honi za malori.

Sasa Mama, weka karatasi hii chini, umtazame aliyekaa kando yako. Ana kijisanduku mfukoni. Mpe ule mkono wa kushoto. Hatutauomba tena.