Bwana Harusi Anayeimba "Nakupendaga"

Mzee wa suti ya kahawia alipanda basi amefura kama chura, akamgeukia fundi cherehani aliyekaa naye, mama wa watu hata hamjui.

"Binti yangu anaolewa kesho, na huyo kijana kamtungia wimbo. Eti 'nakupendaga, nakuwazaga'! Mimi, mwalimu wa Kiswahili, nikae ukumbini nisikilize hizo 'ga'? Nimemwambia azitoe, la sivyo siji!"

"Kazitoa?"

"Kakataa! Anasema ndivyo mama yake anavyosema."

Fundi akampima kwa macho kama anayetaka kumkata shati. "Kwa hiyo baba, unamsahihisha mkweo mbele ya wageni wake?"

"Nimesahihisha wengi!"

"Hao walikuwa wanafunzi, walikuogopa. Huyu mnazikana!"

Viti vya nyuma tukaguna. Sisi hatukuulizwa, lakini basi ni la wote.

Kituoni binti yake alikuwa akimngoja na mama mmoja mnene mwenye bashasha. Mzee hajakanyaga chini vizuri, yule mama kashamkumbatia. "Karibu, mkwe wangu! Nakusikiaga tu kwa sifa!"

Binti akafumba macho. Mzee akafungua mdomo. Na dereva, sijui alitumwa na nani, akaondoa gari.