Chumba Ndani ya Ukuta wa Kanisa

Sogezeni viti, Wilfred, na wewe Frida, mkae upande mmoja wa kitanda. Wiki zote hizi mmekuwa mkija hapa kwangu Blacktown kwa zamu, mmoja kutoka Campbelltown, mwingine kutoka Merrylands, mji uleule wa Sydney, kama walinzi wasiotaka kuonana, hadi leo nilipowaita saa ileile, nikimficha kila mmoja habari za mwenzake. Nisameheni, mgonjwa hana silaha nyingine.

Picha ile ya sebuleni, ambayo utotoni mliiita gereza la baba, ni ya kanisa la kijiji kimoja cha Wajerumani wa Transilvania, ambako chuo kilinituma kupima kuta nilipokuwa nasomea uhandisi Romania. Lilijengwa kama makanisa mengine, kisha Waturuki walipoanza kuivamia nchi, wanakijiji, wasiokuwa na jeshi la kuwatetea, wakainua mnara, wakatoboa matundu ya kurushia mishale, wakalizungushia ukuta wenye unene wa mita mbili chini na mita moja juu, kwa kuwa ukuta wa mawe hupunguzwa kadiri unavyopanda, usije ukajielemea wenyewe. Kwa ndani kila ukoo ulikuwa na chumba chake cha nafaka, na nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi ilining'inia mnarani, kila kipande na muhuri wa mwenyewe, ikikatwa Jumapili tu baada ya ibada, mbele ya wote. Mimi, Mmoraviani wa Rungwe, nilisimama katika ibada hiyo bila kujua neno. Wimbo ulipoanza nikautambua, ndio ule wa wamishonari wa Kijerumani, bibi yenu aliouimba akipepeta mpunga, nikauimba kwa Kinyakyusa, wala hakuna aliyegeuka.

Chumba kimoja ukutani hakikuwa na nafaka. Kilikuwa na kitanda kimoja, sahani moja na kijiko kimoja, na wanandoa waliotaka kuachana walifungiwa humo hadi wapatane. Nilimuuliza mzee wa kanisa kama hawakuuana. "Mhandisi," akasema, "jaribu wewe kumchukia mtu unayemngoja akupe kijiko." Nikacheka, nikapima chumba, nikaenda zangu.

Tulipostaafu nilirudi huko na mama yenu. Ukuta hauna ufa. Waturuki hawakuuvunja, wanakijiji wenyewe ndio walioondoka, familia moja baada ya nyingine, wakahamia Ujerumani, hata kengele ikakosa mpigaji. Mama yenu aligusa mlango wa chumba kimoja, akasema, "Baba Wilfred, hawa wamehama kama sisi." Nami nikamjibu habari za chokaa. Jibu hilo ningelirudisha kinywani leo, lakini majuto ni mjukuu.

Kisha akafa. Wewe Wilfred ulitaka alale Rungwe kwa wazazi wake. Wewe Frida ulitaka alale hapa, wajukuu wapalilie kaburi. Nami niliyezoea kupigia hesabu kuta za watu nikanyamaza, akazikwa hapa, na tangu siku hiyo hamsalimiani. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Hawakumwambia mzazi ashike nini.

Basi shikeni haya. Nyumba ni yenu wawili, asiuze mmoja. Picha apewe mjukuu atakayeuliza ile ni nini. Kuhusu kaburi langu, sitataja Rungwe wala Sydney. Nizikwe pale mtakapokubaliana, na mchungaji asiitwe kabla. Usinikatize, Wilfred. Na wewe Frida, leo usinijibu Kiingereza.

Nipeni maji. Kidogo tu.

Aline, binti huyu Mkongo anayeniuguza, amepika ndizi na maharage, ameyaweka chumbani kwa mama yenu. Sahani ni moja. Kijiko... kimoja. Nimemwomba afunge mlango kwa nje, naye kaniambia, "Papa, mimi nitafunga, lakini wakivunja mulango, si mimi."

Mungu aliyewalinda wale ndani ya mawe awalinde ninyi pasipo mawe. Awape maneno niliyoyakosa mimi. Wilfred, mwache dada yako aanze.

Nendeni, wanangu. Macho nayafumba, lakini silali. Nasikiliza kijiko.