Wa Nne kutoka Kushoto: Maisha ya Lucienne Gaudreau Brisbois, 1938–2023

Zamani mtu wa mtaa wetu alibatizwa, akafunga ndoa na kuzikwa kwa kengele moja. Leo kengele imeuzwa, na tumekusanyika kumzika dada yangu tukitoka majimbo matano, wengine wakiwa hawajuani hata majina.

Lucienne Marie Gaudreau alizaliwa Jumatatu, tarehe 2 Mei 1938, ghorofa ya tatu ya nyumba ya mbao karibu na mto, hapa Woonsocket, Rhode Island. Alikuwa kifungua mimba wa Ovila Gaudreau, fundi wa mashine za kufuma katika kiwanda cha sufu, na Exilda Lavallée. Mimi, Normand, ninayesoma maneno haya, nilimfuata baada ya miaka mitatu. Baba alifariki kwa homa ya mapafu mwezi Novemba 1944. Mimi simkumbuki kabisa. Lucienne alikuwa na miaka sita, na alikumbuka koti lake, harufu ya mafuta ya mashine, na viatu vikipanda ngazi. Uso hakuukumbuka. Picha zetu zote, zilizokuwa stoo ya chini, zilichukuliwa na mafuriko ya Agosti 1955. Tulipomwuliza Mama baba alikuwa na sura gani, alimwambia Lucienne, "Alifanana na wewe," na siku nyingine akaniambia mimi, "Alifanana na wewe." Mliotuona pamoja mnajua kwamba mimi na dada hatukufanana hata sikio.

Alisoma shule ya parokia ya Mtakatifu Klotilda hadi darasa la nane, asubuhi kwa Kifaransa, lugha ya wazee wetu, mchana kwa Kiingereza. Mchana mmoja aliulizwa miji mikuu ya majimbo, akaijibu kwa Kifaransa. Sista akampigisha magoti. Akaimaliza iliyobaki akiwa amepiga magoti, bado kwa Kifaransa. Jengo hilo sasa lina vyumba vya kupanga, na nimeambiwa chumba cha magoti kina jiko la marumaru.

Mwaka 1954 aliingia kiwandani, idara ya kusokota nyuzi, akakaa hadi 1963 kiwanda kilipohamia majimbo ya Kusini kama vingine vyote. Kuanzia 1965 hadi alipostaafu mwaka 1998 alipika katika jiko la shule ya mji. Mtoto akikataa supu ya njegere, Lucienne alimwinamia na kusema, "Mwanangu, hata supu haikuulizwa kama inakupenda." Wapo humu ndani wenye mvi waliokula supu hiyo.

Jumamosi, tarehe 17 Septemba 1960, alifunga ndoa na Armand Brisbois, dereva wa gari la mafuta ya kupashia nyumba joto. Mpiga picha alipowapanga watu kwenye ngazi za kanisa aliita, "Baba wa bibi harusi asimame hapa!" Lucienne akanivuta kwa mkono. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikasimama mahali pa baba na koti likinibana kwapani. Katika picha ile dada haitazami kamera, ananitazama mimi kama mtu aliyefungua mlango akakuta siye mgeni aliyemngoja. Walijaliwa Claudette na Roland, wakaishi kwa amani miaka hamsini na mitatu, hadi Armand alipofariki mwaka 2014.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo mimi sikulielewa, na sina hakika kama leo ninalielewa.

Mama alituachia mambo mawili kuhusu baba: kwamba aliichezea besiboli timu ya kiwanda, na kwamba alikuwa shoto, hata visu vya nyumba nzima vilinolewa upande usiofaa mtu mwingine. Lucienne, akiwa mjane wa miaka sabini na saba, alikwenda maktaba ya mji kutafuta picha ya baba, na Bi. Tavares, mkutubi, akamwonyesha hifadhi za picha za umma zilizo kwenye mtandao, ambazo mtu hufungua bure bila kuombwa kitu. Kila Jumanne na Alhamisi asubuhi alikuwa mbele ya kompyuta. Nilikwenda kumwona mara moja. Wanaume waliokufa walikuwa wakipita kwenye kioo, timu baada ya timu: wachimba makaa, wazima moto, mabubu wa shule fulani ya Ohio, wote wamekunja mikono na gongo la kupigia mpira limelazwa mbele yao.

"Unawajua hawa?" nilimwuliza.

"Simjui hata mmoja."

"Sasa unawatazamia nini?"

"Ili nijue kwamba siye."

Alitafuta jina Gaudreau miaka sita, hakuona kitu. Siku moja Bi. Tavares akamwuliza, "Mama, jina lenu watu wa zamani walilitamkaje?" Lucienne akasema: Godro. Kisha, anavyosimulia Bi. Tavares, akajipiga paji la uso. Makarani wa viwandani walikuwa Waairishi. Waliandika walichosikia. Nusu ya watu wetu wamezikwa na majina waliyopewa na masikio ya watu wengine. Akaandika Goodrow.

Ilikuwa Januari 2022. Alinipigia simu. "Njoo. Nimempata baba."

"Yuko wapi?" nilisema, kama mjinga.

"Yuko mezani, mpumbavu wee. Vaa viatu uje."

Alikuwa ameichapa kwenye karatasi nyembamba. Wanaume tisa wamesimama mbele ya ukuta wa matofali, mwaka 1937, mashati yao ya mchezo hayana herufi. Chini ya picha, karani wa hifadhi alikuwa amenakili majina machache kutoka orodha ya zamani, na moja lilikuwa hili: O. Goodrow, wa nne kutoka kushoto. Lucienne aliweka kidole. Kijana wa taya pana, anacheka kama mtu aliyetoka kula.

"Glavu iko mkono wa kulia," akasema. "Basi anarusha kwa kushoto. Unataka nini tena?"

Glavu ya kudakia mpira huvaliwa mkono usiorusha. Hilo kila mtoto wa mtaa wetu alilijua. Lakini wenye glavu walikuwa watano, na wanne kati yao walizivaa mkono wa kulia.

"Timu nzima ya mashoto?" nikasema. "Lucienne, hata paka hawazaliwi hivyo."

"Wewe tangu utoto huli supu bila kutafuta unywele."

"Na huyu mmoja mwenye glavu kushoto, wa nne kutoka kulia?"

"Huyo alitikisika picha ikipigwa, hana uso. Mwache."

Akamtia yule wa taya pana kwenye fremu, akamtundika juu ya meza ya jikoni. Asubuhi alimsalimu, jioni alimuaga. Claudette anasema alikuwa akimsomea hata matangazo ya vifo gazetini. Mimi nilikataa kumwita baba, na kwa ajili hiyo dada hakunialika Krismasi ile. Nilikula pai ya nyama ya nguruwe ya dukani, peke yangu, nikijiona nina haki. Sasa sijui haki hiyo ilikuwa ya kazi gani.

Kufikia wakati huo moyo wake ulikuwa umeanza kuchoka. Madaktari waligundua mwaka 2021 kwamba hausukumi damu ipasavyo, na baada ya mwaka mpya wa 2023 walimrudisha nyumbani, wakasema ni suala la wiki chache.

Jumapili ya tarehe 5 Machi nilikuwa nafunga shati mbele ya kioo niende misa. Nikaona mtu wa kwenye kioo anafunga vifungo vyake upande wa kushoto, kama blauzi za wanawake. Nikakaa kitandani. Nakala ya ile picha ilikuwa kwenye droo yangu, nikaitoa. Wanaume wote tisa, vifungo upande wa kike. Zamani picha zilipigwa kwenye vipande vya kioo angavu, na kioo hicho ukikilaza kifudifudi kushoto kunakuwa kulia. Mtu wa hifadhi alikilaza vibaya, basi. Timu haikuwa ya mashoto. Shoto alikuwa mmoja tu, yule aliyeonekana na glavu kushoto. Na wa nne kutoka kushoto, ukigeuza, ni yeye huyo huyo: aliyetikisika, asiye na uso.

Nilimpigia Claudette. Akasema, "Mjomba, nakuomba. Mwache na huyo aliye naye." Huenda alisema kweli. Nilizunguka na jambo hilo siku mbili. Nilifikiri: mtu amtafute baba yake miaka sita, kisha afe amemkumbatia baba wa mtu mwingine? Nikafikiri tena: na akifa hana yeyote, je? Nimesoma vitabu vingi peke yangu, bila mwalimu, na hakuna kimoja kilichonijibu.

Lucienne alifariki nyumbani kwake asubuhi ya Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023, Claudette akiwa amemshika mkono. Ameacha watoto wawili, Claudette wa Florida na Roland wa Worcester, wajukuu watano, vitukuu wawili ambao hawajui neno moja la Kifaransa, na mimi. Picha ya timu imechapwa nyuma ya karatasi hii kama ilivyokutwa. Jihesabieni wenyewe. Mungu ampumzishe, na kama huko watu wana nyuso, amwonyeshe moja.

Mara ya mwisho nilimwona Jumanne ile, tarehe 7 Machi, saa nne asubuhi. Nilimweleza yote, vifungo, kioo, glavu, huku nikitazama viatu vyangu. Akamtazama yule wa kwenye fremu.

"Basi huyu niliyekuwa naamka naye ni nani?"

"Sijui."

"Ana watu wake?"

"Hakosi."

"Maskini. Na wao watakuwa wanamtafuta."

Akaniamuru nishushe fremu. Akaitoa karatasi mwenyewe, akajikongoja hadi dirishani, akaigeuza mgongo, akaibandika kwenye kioo kwa viganja viwili. Mwanga ukapenya, na wale tisa wakatokea upande wetu, wamekaa sawa. Akahesabu kwa Kifaransa cha Mama kutoka kushoto. Kwa wa nne akakoma.

"Hana uso," nikasema.

"Na mimi sina miwani. Tuko sawa."

Nilimwambia akae, atachoka. Akasema, "Ngoja kwanza." Nikangoja. Kisha akasema, "Si wewe, nasema na huyu. Wewe nenda, Normand." Nikashuka ngazi. Barabarani niligeuka kutazama dirisha lake. Kutoka chini niliona karatasi kwa upande ule wenye kosa, na ncha za vidole vyake pembeni. Uso wa dada yangu ulikuwa nyuma ya karatasi, sikuuona.