Mama Zamu Akabidhi Simu ya Ng'ambo

Ijumaa hii, tarehe thelathini, Mama Zamu anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kuongoza meli katika mlango wetu wa bahari. Jina lake halisi liko kwenye faili, na huko ndiko linakokaa.

Alipoanza kazi, vyumba vya kuongozea meli vilikuwa viwili, chetu na cha jirani zetu wa ng'ambo, na kila kimoja kilijifanya mwenye nyumba. Meli mbili ziliponusurika kugongana, tukaagizwa tupeane njia. Tulitii kupita kiasi. Asubuhi moja ya ukungu, sisi tulisimamisha meli zetu ili zao zipite, na wao wakasimamisha zao ili zetu zipite. Meli kumi na moja zikakaa saa tatu nzima zikitoa moshi, huku kila upande ukijisifia ustaarabu. Aliyekuwa zamu ni yeye, na hajawahi kulikana kosa hilo.

Kesho yake alimpigia simu mwenzake wa ng'ambo, wakapanga orodha moja ya zamu za meli. Tangu hapo simu hiyo hupigwa kila alfajiri, hata wakubwa wa pande mbili wanapokuwa wamenuniana. Meli hujua zamu yake mapema, hupunguza mwendo tangu mbali, mafuta hayachomwi bure, na kivuko cha wanafunzi na wagonjwa hakisukumwi pembeni. Nahodha mmoja aliwahi kudai apite kwanza kwa kuwa meli yake ni kubwa. Mama alimjibu kwamba maji haya ni ya wote, na kwamba wajukuu zake watano hupanga foleni ya bafu bila kuangalia nani mnene. Mumewe anasema hata yeye huomba njia kuingia jikoni.

Lakini simu ile haimo kwenye kanuni yoyote. Ilisimama kwa sauti yake na ya mwenzake wa ng'ambo, watu ambao hawajaonana hata siku moja. Tuliogopa itakufa akiondoka. Naye aliogopa, ndiyo maana hakuchukua likizo miaka minne.

Jumatatu wiki hii alisukuma simu mbele yangu, mimi ninayepokea zamu yake, akaenda dirishani, akanipa mgongo. Nikapiga. Nilipomaliza kusoma orodha, mwenzake aliuliza kama tutapiga na kesho. Nikasema tutapiga. Mama Zamu akakaa, akalia bila kujificha, kisha akanikosoa kwamba nasoma mbiombio.

Asante, Mama. Tunakuombea afya, wajukuu wasikivu na usingizi mnono. Alfajiri usiamke, tutapiga sisi.