Marlys Haapala, Aliyewatafutia Mashabiki Mahali pa Kulala

Marehemu Marlys Elina Haapala alizaliwa Kettle Bay, kaskazini mwa Michigan, tarehe 4 Novemba 1946, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Reino Tervo na mama Ina. Hiyo ndiyo tarehe ya cheti. Mama aliandika kwenye Biblia yake tarehe 6. Tulipomuuliza mama, alisema theluji ilianguka siku tatu mfululizo na yeye hakujua ipi ilikuwa ipi. Kwa hiyo dada yetu alikula keki mara mbili kila mwaka, na mimi mdogo wake, Eldon, ninayewasomea maneno haya, sijajua hadi leo niandike ipi kwenye jiwe la kaburi.

Alisoma Shule ya Bonde la Juu, akamaliza sekondari Juni 1964, kisha akaenda Marquette kujifunza kupiga chapa. Mwaka 1971 aliajiriwa katika ofisi ya michezo ya Chuo cha Tamarack na kupewa dirisha la tiketi. Alikaa hapo miaka arobaini na mmoja.

Tarehe 19 Juni mwaka huohuo alifunga ndoa na Roland Haapala, dereva wa gari la kusukuma theluji barabarani. Mungu aliwajalia watoto wawili, Karin na Neil. Roland alitangulia mbele ya haki mwaka 2016.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo familia haijalielewa vizuri. Marehemu hakuujua mchezo wa hoki, hii inayochezwa juu ya barafu. Alikaa karibu na barafu maisha yake yote ya kazi, na bado aliweza kuniuliza katikati ya mechi, "Eldon, hawa wekundu ndio sisi?" Lakini aliijua idadi ya watu waliokuwa ndani kuliko kocha alivyowajua wachezaji wake.

Machi 1994 timu ilifika mechi za mtoano, zile ambazo ukishindwa msimu umekwisha. Uwanja wetu unachukua watu elfu tatu, na msimu mzima ulikuwa umejaa. Siku ile waliingia mia nane na kumi na mmoja. Kocha Gil Brandvold alikuja dirishani kabla ya mechi.

"Bi Marlys, watu wako wapi?"

"Wanafunzi wamekwenda likizo. Mabweni yamefungwa tangu jana."

"Yaani mechi za kawaida wanajaa, hii ya kufa na kupona hawapo?"

"Hata mimi linanichanganya, Gil. Wenyeji nao wanasema bila wale watoto wa bendi na ngoma zao hakuna raha, wanabaki nyumbani."

Jambo hilo lilimkaa marehemu kichwani. Mwaka uliofuata alijaribu kugawa kengele za kushangilia, majirani wa uwanja wakalalamika. Kisha akaamini kwamba watu wanaogopa baridi, akamshawishi fundi apandishe joto la ukumbi. Barafu ikaanza kutoa maji, mechi ikachelewa dakika arobaini, na kipa wa wageni akawa anateleza kama ng'ombe kwenye matope. Wazo la joto lilikuwa langu. Marehemu hakunitaja kwa mtu yeyote, na leo naliungama mbele yenu.

Baada ya hapo alikwenda kwa mkuu wa wanafunzi kuomba mabweni yafunguliwe wakati wa mtoano. Alijibiwa kwamba bweni halifunguliwi kwa ajili ya mchezo.

"Basi nipe majina ya wanaotaka kubaki," alisema. "Vitanda nitatafuta mwenyewe."

Alichukua kitabu cha simu cha mji, akaanza na herufi A. Wengi wenu mlioko hapa mlipigiwa. Machi 1996 wanafunzi sitini na wanne walilala katika nyumba za Kettle Bay. Watano wa bendi walikuwa kwa Haapala. Karin anakumbuka asubuhi baba yake aliporudi jikoni bila kunawa uso.

"Marlys, kuna mtu amelala bafuni na tarumbeta."

"Mwache. Ana mechi leo."

"Na mimi je?"

"Wewe una sinki hapa jikoni, Roland."

Watu walipokuwa bado wachache, aliwapanga wote upande mmoja karibu na bendi, akafunga jukwaa la juu, ili sauti zisipotee. Mwaka 1998 jukwaa hilo lilifunguliwa tena, wakaingia elfu mbili na mia tisa. Tulifungwa mabao manne kwa moja. Hakuna aliyeondoka, walisimama wakaimba mpaka wachezaji wakarudi barafuni wakilia. Kocha alimuuliza, "Wanashangilia nini hawa?" Marehemu akajibu, "Sijui. Mimi nimewaleta tu." Nami nilikuwa nimesimama pale, sikujua pia, ila nilikuwa naimba.

Alistaafu mwaka 2012. Kuanzia 2019 kumbukumbu yake ilianza kupotea, na mwaka 2022 akahamia nyumba ya kulea wazee. Huko alirudia kupiga simu, akiwaalika watu kwenye mechi ya Jumamosi, hata kiangazi. Mwanzoni nilimrekebisha.

"Dada, huu ni Julai. Barafu imeshayeyushwa."

"Nani kawaruhusu kuyeyusha kabla ya Jumamosi?"

Wes Kivela wa duka la mikate alipigiwa mara kumi na moja siku moja, na kila mara alisema, "Nakuja, Bi Marlys, niwekee nafasi mbili." Asante, Wes. Wewe ulijua la kufanya kabla yetu.

Jumamosi tarehe 8 Machi mwaka huu, saa tisa alasiri, Karin na mimi tulikuwa kando ya kitanda. Siku hiyo Tamarack walikuwa wenyeji wa mechi ya mtoano. Marehemu alikuwa hajasema neno kwa siku mbili. Alifungua macho.

"Wamekuja?"

Karin alinitazama. Chumbani tulikuwa wawili tu. Nikasema, "Wamekuja, dada."

"Wengi?"

"Wengi."

"Wasiachwe nje. Kuna baridi."

Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho. Alifariki Jumatatu tarehe 10 Machi, saa nne asubuhi, na tumengoja hadi leo, 17 Mei 2025, ardhi iliyoganda kwa baridi ikubali kuchimbwa.

Karin anasema, "Mjomba, mama alikuwa anawaulizia bibi, babu na baba, waliotutangulia." Mimi nilidhani anauliza habari za mechi. Nilihofia nimemdanganya mtu anayekufa, nikapiga simu chuoni. Waliniambia watu elfu mbili mia tatu na kumi na mmoja. Kwa hiyo kuhusu mechi nilisema kweli. Kuhusu wale wengine, yeye sasa anajua, sisi bado.

Marehemu ameacha watoto wawili, Karin na Neil. Wajukuu watatu, Tess, Anders na Maribel. Mdogo wake Eldon na wifi yake Phyllis. Na wanafunzi wa zamani, hesabu yao hatunayo, waliolala katika nyumba yake na leo wamejaza viti vya nyuma.

Mungu ampokee Marlys na ampe pumziko la amani.