Fundi Sumaku na Gari Jekundu la Milango Miwili

Fundi Sumaku anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28, baada ya kukagua magari yaliyotumika katika yadi yetu kwa miaka thelathini na moja. Tangazo la ofisi linasema anaondoka kwa hiari. Sisi wa karakana tunaomba kuongeza maelezo.

Jina hilo la utani alilipata kwa kipande cha sumaku alichokivisha kitambaa kisikwaruze rangi. Alikipitisha kwenye bodi polepole. Pale kilipoacha kushika, chini ya rangi palikuwa na puti ya kuzibia mabati yaliyobonyea, na chini ya puti palikuwa na ajali. Injini aliitaka ya baridi. Akigusa boneti akakuta vuguvugu, alifunga sanduku lake la vifaa na kumwambia muuzaji arudi kesho. Anayewasha gari mapema, alisema, anajua lina kikohozi cha asubuhi.

Hata mkwe hakusalimika. Kijana alipokuja kuposa, Fundi alilikagua gari lake kabla ya kumkaribisha ndani. “Binti nimekupa, mwanangu,” alimwambia, “ila kwenye hilo hapandi.” Maharusi walikodi teksi.

Mwezi Machi liliingia gari la spoti la zamani, jekundu, la milango miwili. Mkuu wa mauzo alikuwa ameshampata mteja, mwalimu aliyelitamani la aina hiyo tangu ujana wake. Fundi alikuta boneti ina joto, akaliacha hadi asubuhi. Lilipowashwa likatoa moshi wa bluu, wa injini inayochoma oili. Sumaku ikadondoka ubavuni. Akainua zulia, akaona mshono wa kuchomelea umekatiza sakafu kutoka mlango hadi mlango. Mbele lilikuwa gari moja, nyuma jingine.

“Mzee, usituharibie,” alisema mkuu wa mauzo. “Kizuri chajiuza.”

“Basi mbona hili mnalitembeza?”

Aliamriwa alipitishe. Akakataa, kisha akampigia simu mteja mwenyewe: “Mwalimu, ukigonga kitu, litagawanyika hapo hapo ulipoketi.” Mwalimu akaghairi.

Uongozi ulimpa Fundi njia mbili: aombe radhi mbele ya wafanyakazi wote, au astaafu miaka miwili kabla ya wakati. Hakuomba.

Mwalimu alirudi wiki iliyofuata, akapunguziwa bei, akalichukua. Alisema moyo ukipenda umependa. Hakuuliza yaliyomfika aliyempigia simu.

Nafasi ya Fundi haijatangazwa. Magari yanaendelea kutoka.

Asante, Fundi, kwa niaba ya watu waliofika kwao salama katika magari mengine, baada ya wewe kuyakataa yale ya kwanza. Hawatakuja kukuaga, kwa kuwa hawajui. Sisi tunajua. Upate afya, wajukuu, na usingizi wa mtu asiyedaiwa radhi na yeyote.