Kelele za Safu ya Nne

Mheshimiwa Meya wetu, Bi. Sandra Kowalke, Ndugu Mwenyekiti wa klabu, Kocha Wiecek, wazazi wenzangu, na ninyi waogeleaji, mliovumilia hotuba tatu huku samaki wakipoa mezani: habari za jioni.

Mimi ni Arvid Halvorsen, baba yake Maren. Nimeombwa nizungumze kwa niaba ya wazazi. Nilidhani ni utani, maana kama kuna mzazi ambaye klabu hii imeshaisikia sauti yake ikatosha, ni mimi. Mnacheka. Chekeni tu. Mimi nina aibu, na nimekuja nayo hapa mbele yenu kwa sababu mficha uchi hazai.

Ndugu wageni waalikwa, utazameni ubao mpya wa rekodi uliofunuliwa sasa hivi. Mtindo wa kipepeo, wasichana: jina ni lilelile la miaka yote, Sandra Kowalke, aliyeliweka pale akiwa binti mdogo, kabla hajafikiria siasa. Mheshimiwa, hongera. Rekodi yako iko salama, na aliyeilinda ni mimi.

Nyote mnajua anavyofundisha Kocha Wiecek. Kwake yeye mbio haziko juu ya maji. Ziko chini, baada ya kuusukuma ukuta, pale mwogeleaji anapokwenda kama pomboo: mikono imenyooka mbele, masikio yamebanwa, miguu miwili inapiga pamoja. "Teke halianzii magotini," anawaambia, "linaanzia kifuani. Na ukishapiga chini usipumzike, piga na kurudi juu. Teke la kurudi ndilo wavivu wanalolisahau." Nani kati yetu hajawaona watoto wamesimama wima kwenye kina, mikono juu, wakipiga teke hilo mpaka wanawaita mama zao?

Maren alilishika somo. Mazoezini alitoka ukutani akaenda chini kwa chini hadi kwenye alama ya mita kumi na tano, ambapo sheria inataka mtu awe ameshatoa kichwa. Lakini mashindanoni, mateke matatu tu, huyo juu! Anaibuka kwenye mawimbi, anahangaika nayo, anapitwa. Kocha alimkagua vifundo vya miguu, akambadilishia mazoezi ya pumzi, akamrekodi video. Hakuona kasoro.

Siku moja akaniita ofisini kwake, akanionyesha video ile pamoja na sauti yake. Maren anageuka ukutani, anazama, teke la kwanza, la pili, na hapo inasikika sauti kama ya mtu anayechinjwa: "Panda! Panda juu, Maren! Pumua!"

"Bwana Halvorsen," akasema kocha, "miguu ya binti yako ni mizima. Ugonjwa uko jukwaani, safu ya nne."

Nilijitetea. Nikasema mtu aliye chini ya maji hasikii kitu. Jioni, tukiwa mezani, nikamwuliza Maren mwenyewe. Akaweka uma chini.

"Kweli sikusikii, Baba. Lakini najua umeshasimama."

Wahenga walisema kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji. Zangu zilimzuia mwanangu, tena bila hata kumfikia masikioni. Hebu niambieni, mzazi akisikia hivyo auweke wapi uso wake?

Kisa chenyewe ni hiki. Kaka yangu Torvald yuko pale nyuma, anamalizia kipande cha tatu cha samaki. Utotoni tulikuwa tukivua juu ya ziwa lililoganda, barafu ikamkatikia miguuni, akazama. Nililala kifudifudi nikapiga kelele ndani ya lile tundu: "Panda! Panda!" Akapanda. Tangu siku hiyo nikaamini kwamba mtu ninayempenda akiwa chini ya maji, ni sauti yangu inayomrudisha. Mwaka huu, baada ya kuitwa na kocha, ndipo nilipomweleza Torvald. Mnadhani alinijibu nini?

"We Arvid, nilipanda kwa sababu kulikuwa na baridi!"

Kula samaki wako, Torvald.

Kocha Wiecek hakunifukuza bwawani, na angekuwa na haki. Alinipa saa. Alinifanya mpima muda, maana mpima muda husimama ukingoni mwa bwawa na kwa sheria haruhusiwi kumshangilia mtu yeyote, hata mtoto wake wa kumzaa. Wazazi wenzangu, mliiona busara ile? Mlipata msimu mmoja wa amani, na sikusikia hata mmoja wenu akilalamika.

Yakaja mashindano ya mwisho hapa nyumbani, ya mwisho kabisa kwa Maren katika bwawa hili, maana majani yakianza kupukutika anakwenda chuoni. Nikapangwa kwenye njia yake, mimi na mpima muda mwenzangu, Bi. Okerlund, kila mmoja na saa yake. Bwawa letu halina mitambo ya kupima muda, na kanuni ya klabu ni kwamba rekodi haiandikwi mpaka saa mbili zikubaliane. Kocha akaniuliza, "Utaweza?" Nikasema nitaweza.

Ukafika ukuta wa mwisho. Maren akageuka, akazama. Teke la tatu likapita, nami nimeuma meno. La nne. La tano. Hajatoka. Mimi mwenyewe nilikuwa sipumui. Kisha, kwenye alama kabisa, kichwa chake kikaibuka, mwili wangu wote ukalegea kwa shukrani, na kidole gumba changu, ndugu zangu, kikabonyeza.

Niliisimamisha saa mwanangu akiwa bado katikati ya bwawa.

Akagusa ukuta, wa kwanza. Akainua macho, anahema. "Baba, ngapi?" Na mimi, ambaye kaunti nzima inaijua sauti yangu, nikaitazama tu saa yangu. Saa ya Bi. Okerlund ilikuwa imeivunja rekodi ya Mheshimiwa Meya. Akageukia yangu. "Arvid, hii nini?" Mwamuzi akaja, akazitazama zote mbili, akatikisa kichwa taratibu.

Tulirudi nyumbani kwa gari. Ni Maren aliyeanza kuongea.

"Uliibonyeza lini?"

"Ulipotoa kichwa."

"Kwenye alama?"

"Kwenye alama kabisa."

"Na hukupiga kelele."

"Sikupiga."

Akageukia dirishani. Sijui kama alikuwa analia au anacheka, na sikuthubutu kuuliza. Hata msamaha sikuomba. Majuto ni mjukuu, na wangu nimekuja naye hapa leo.

Maren, mwanangu, nisamehe. Nisamehe saa ile, na zaidi ya saa nisamehe miaka yote niliyokupandisha juu kabla ya wakati wako. Siombi jina lako liandikwe pale. Kanuni ni kanuni. Naomba tu kila atakayeusoma ubao ule ajue kwamba kuna msichana aliyefika kwenye alama, na mzee wake akashindwa kumngoja mpaka ukutani.

Kocha Wiecek, kwa niaba ya wazazi wote, ahsante. Ulitufundishia watoto, na mzazi mmoja mkaidi ukamfundisha pia, ingawa alichelewa kuelewa.

Wiki iliyopita nilimwuliza Maren kama angependa nibaki nyumbani siku atakazoogelea huko chuoni. Akafikiri, akasema, "Njoo, Baba. Ila ukae."

Waheshimiwa, ndugu wageni, nawashukuru kwa masikio yenu, ambayo nimeyatumikisha kwa miaka mingi kuliko haki yangu. Sasa nakaa.